Jicho la Hondohondo

Neno ndege katika Kiswahili limebebeshwa shehena kubwa. Ndege ni kiumbe mwenye mbawa; ndege ni chombo kinachoshusha wageni uwanjani; tena, kwa wazee wa pwani, ndege ni ile dalili ya heri au ya shari imtokeayo msafiri kabla hajang'oa nanga, ndiyo sababu aondokaye akaombewa ndege njema. Malenga naye, akitaka mjumbe wa kumtuma kwa muhibu, aghalabu humwita njiwa. Akitaka kusifu uzuri, humwita tausi. Akitaka kumsuta mwenye maneno mengi, humwita kasuku. Waliosalia, nao ni wengi mno, hubaki kuwa ndege tu.

Uhaba huo hauonekani mpaka mtu atoke kwao. Mtu wa visiwani akivuka bahari, akaipita Mikumi, akaupanda mlima Kitonga na kona zake hadi Iringa mjini, kisha akaifuata barabara iendayo magharibi mpaka Msembe, yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hukuta nchi kavu ya mibuyu na migunga, na katikati yake mto. Ukingoni mwa mto huo, chini ya miti, hutembea ndege mwenye tumbo jeupe, mbawa nyeusi zenye madoa meupe, na mdomo mrefu mwekundu uliopinda kama jambia. Huchokoachokoa vumbi akitafuta wadudu. Akishiba hurukia tawi, akainamisha kichwa, akaanza kulia: kwanza kwa kituo, halafu kwa haraka, sauti moja ikirudiwarudiwa kama mtu agongaye ubao.

Mgeni huuliza ni ndege gani. Akijibiwa kuwa ni hondohondo, moyo wake hutulia. Jina limepatikana, safari na iendelee. Wenye vitabu nao walitulia vivyo hivyo. Kwa muda mrefu hondohondo wa mdomo mwekundu, kutoka Senegali mpaka Afrika Kusini, walihesabiwa kuwa ni ndege mmoja, mwenye tofauti ndogondogo za hapa na pale zisizostahili kusumbua mtu.

Mwaka 2002 Alan Kemp wa Afrika Kusini, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuwachunguza hondohondo, pamoja na mwenzake Wayne Delport, waliandika kwamba huyu wa Ruaha si yule wa kaskazini. Hoja yao iliyo rahisi kuonekana imo katika jicho. Hondohondo wa kaskazini ana jicho la rangi ya kahawia iliyokoza, nayo ngozi inayolizunguka imepauka. Wa Ruaha ana jicho la manjano ndani ya ngozi nyeusi, mithili ya mtu aliyejipaka wanja. Wakampa jina la kitaalamu, Tockus ruahae, na nchi pekee anakoishi ni Tanzania. Si vitabu vyote vilivyoukubali uamuzi huo mara moja, lakini tangu hapo hakuna awezaye kumtazama ndege huyo na kudai kwamba tofauti haipo. Ilikuwapo siku zote, wazi, katikati ya uso.

Nyanda za Juu Kusini zina desturi ya kuwaumbua wenye haraka. Mwaka 1991, katika misitu ya milima ya Udzungwa, wataalamu kutoka Denmark walishtushwa na miguu miwili ya ndege waliyoiona ndani ya sufuria kambini. Ilikuwa ya kwale ambaye hakuwamo katika kitabu chochote, na jamaa zake wa karibu wakaonekana kuwa wako Asia, ng'ambo ya bahari ileile iliyoleta majahazi. Upande wa Mbeya, mwaka 2003, watafiti walimfikia kima wa mlima Rungwe baada ya kuwasikiliza wawindaji waliomtaja kwa jina lake, kipunji. Sayansi ilimtangaza mwaka 2005; wenyeji walikwisha kumwita. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hapa aliyeponywa ujinga wake ni mgeni.

Malenga aliyechoka na njiwa angemtazama hondohondo wakati wa kutaga. Jike huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo na kinyesi mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo hutaga na kuatamia. Humo pia manyoya yake ya kurukia humpukutika, asiweze kwenda popote hata kama mlango ungevunjwa. Dume huja na kwenda, akimpitishia chakula katika ufa ule. Watu wa pwani wanaojua maana ya kutawa wataielewa hali hiyo bila ya kufasiriwa. Maisha ya waliomo ndani yamo katika uaminifu wa aliye nje.

Na uaminifu ndio unaourudisha mtazamo kwenye mto. Jina Ruaha huelezwa kuwa limetokana na ruvaha, neno la Kihehe lenye maana ya mto. Basi asemaye Mto Ruaha amesema mto mara mbili. Huo haukuwa uhaba wa majina kama ule wa malenga na ndege wake. Mto ulikuwa mkubwa, haukosekani, wala hapakuwa na haja ya kuutofautisha na mwingine: ni mto, basi.

Mto huo hukusanya vijito vya milima ya Kipengere na Uporoto, ukatandaa katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ukapita kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Tangu mwaka 1993 maji yake ndani ya hifadhi yamekuwa yakikatika wakati wa kiangazi, viboko wakasongamana katika madimbwi yaliyosalia. Sababu kubwa inayotajwa ni maji yanayochepushwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Kulaumu ni rahisi; walakini mchele wa Mbeya unajulikana kwa jina katika masoko ya Dar es Salaam, na mkulima wa Mbarali naye ana watoto wanaongoja chakula mlangoni.

Wala msomaji wa kisiwani asidhani kwamba haya ni ya bara peke yake. Maji ya Ruaha huzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, na umeme wa gridi ya bara huvuka hadi Unguja kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Yakitoka huko maji huungana na Rufiji, yakaishia katika mikoko ya delta inayoikabili Mafia.

Hondohondo si ndege wa maji. Ukame wa mto haumwui kama umwuavyo samaki. Mibuyu ikisimama, na matundu yakiwapo, yeye ataendelea kulia kila asubuhi. Lakini amekwisha kupewa jina la mto, na aliyepewa jina hilo katika mwaka ambao mto wenyewe ulikuwa tayari unakatika amefanywa shahidi bila ya kuulizwa. Kwa Kiswahili aitwe hondohondo wa Ruaha, wala si ndege tu. Watunzi watakaolitia jina hilo katika beti zao watakuwa wamelipokea lote, pamoja na mto uliomo ndani yake, na pamoja na swali la nani amelizuia maji.