Siku ya Kumfungulia Mbwa Mgeni

Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii ni njema kwa mgeni wa miguu miwili. Lakini mgeni wa miguu minne, aliyekwisha kukomaa kwa bwana mwingine, hafai kupewa jembe siku ya tatu. Jembe la mbwa ni kuachwa nyumbani peke yake, kibanda kikiwa wazi, alinde boma. Je, apewe lini? Juu ya jambo hili nataka kuwaeleza ndugu wasomaji niliyoyaona nyumbani kwetu karibu na Mbale, chini ya Mlima Elgon, katika likizo iliyoanza Desemba 2024.

Jirani yetu mmoja, askari polisi, alihamishiwa wilaya nyingine, wala hakuweza kumchukua mbwa wake. Akatupa sisi. Jina lake Koplo, dume mwekundu wa miaka kama mitatu. Hapa Uganda Kiswahili ni lugha ya askari tangu zamani, basi Koplo hakujua neno hata moja la Kigisu. Bibi alipomfukuza jikoni kwa lugha yetu, mbwa alimtazama tu. Ikatubidi nyumba nzima tujifunze kumwambia "Kaa!", "Njoo!" na "Acha!" Nami nikafurahi, maana Kiswahili changu cha shule kilipata kazi.

Baba ni seremala. Alimjengea kibanda cha mabanzi na wavu wa waya chini ya mfenesi, na kila tulipotoka sote Koplo alifungiwa humo. Bibi ana kuku 18, na mayai yao ndiyo yanayoninunulia madaftari na sabuni. Baba akasema wazi kwamba mbwa akionja damu ya kuku mmoja, hakai. Na kila mtu wa kijijini ajua mbwa asiyekaa huenda wapi: hupigwa rungu, au hutegewa sumu. Kwa hiyo swali hili halikuwa mchezo. Tukimfungulia mapema, atakufa kwa kosa tulilomsukumia sisi. Tusipomfungulia kamwe, atakuwa mfungwa, abweke mchana kutwa, na mwisho awe mkali kwa watu.

Nyumbani mashauri yalikuwa matatu. Dada yangu mdogo alitaka afunguliwe siku ile ile. Baba alisema mwezi mzima. Bibi alisema kamwe. Tulipompeleka Koplo kudungwa sindano ya kukinga kichaa cha mbwa, nikamwuliza daktari wa mifugo.

"Baada ya sindano ya kwanza tunahesabu siku 28 ndipo tuseme amekingwa," akajibu. "Kabla ya hapo asizurure. Lakini kalenda hukuonyesha tu siku za kutomfungulia. Siku ya kumfungulia, atakuonyesha mbwa mwenyewe."

"Atanionyeshaje, mzee?"

"Mbwa aliyekwisha kuachwa na bwana wake mara moja aweza kuogopa kuachwa mara ya pili. Ukitoka hulia, hukwaruza mlango, huchimba chini ya ua. Si ukorofi, ni hofu. Mara nyingi huanza mara tu unapotoka. Na mbwa mwenye hofu hali. Mwachie mfupa utokapo. Urudipo, utazame mfupa."

Basi nikafanya hivyo. Kwanza, kibanda hakikuwa adhabu: hakuna aliyemfungia kwa hasira, na posho yake na dagaa alivikuta humo humo. Tulipokuwa nyumbani alikaa nje pamoja nami, kwa kamba ndefu, kuku wakipita. Alipowakazia macho na kusimamisha masikio nilisema "Acha!", naye alipogeuza uso alipata dagaa mmoja. Kisha nikaanza kutoka. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya migomba dakika 5. Alilia dakika zote 5, na mfupa haukuguswa. Nikaendelea kila siku, dakika 10, kisha 20, kisha nusu saa, nikitoka bila kumuaga na kurudi bila kelele. Siku ya 16 mfupa ulikuwa umetafunwa upande mmoja. Siku ya 23 haukuwapo kabisa, naye amelala ubavu.

Wenzangu, jambo hili si geni kwetu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapewi ruhusa ya kwenda mjini wiki ya kwanza. Hutumwa kwanza hapa karibu, kisha dukani, kisha mjini. Hakuna amwonaye kuwa mwizi. Anapimwa kwa njia fupi kabla ya ndefu.

Siku 28 zilitimia katikati ya Januari 2025. Jumapili asubuhi Baba akaniambia, "Wewe ndiwe uliyemtazama. Unasemaje?" Nikajibu kwamba afunguliwe, lakini asipewe majaribu yote kwa siku moja: kuku wabaki bandani mwao, jikoni pafungwe, na kibanda chake kiachwe wazi apate pa kukimbilia. Tulikaa kanisani saa mbili. Tuliporudi, viatu vya Baba vilikuwa barazani mahali pake, ua haukuchimbwa, na Koplo akatoka kibandani akijinyosha. Jumapili iliyofuata kuku waliachwa nje, mjomba akiwachungulia kutoka uani kwake. Jumapili ya tatu hapakuwa na mtu wa kuchungulia. Bibi aliporudi alihesabu kuku kabla hata ya kukaa: 18. Hakusema neno. Alichukua kufuli la kibanda akaliweka ndani ya sanduku lake la nguo.

Nawe uliyepewa mbwa mkubwa, hesabu siku za sindano, lakini usimfungulie kwa sababu siku zimekwisha tu. Mfungulie kwa sababu mfupa umeliwa, ua ni mzima, na kuku wakipita hageuzi kichwa. Hofu ikimrudia, rudi hatua moja nyuma, wala usimpige.

Juzi dada yangu ameniandikia barua. Koplo bado hulala kibandani mchana, mlango wazi, kwa hiari yake. Ila sasa hayuko peke yake: kuku mmoja ametaga humo.