Betri ya Nyuma

Mjomba aliendesha lori la mizigo njia ya Marsabit enzi ambazo lami iliishia Isiolo. Nilipomwambia kwamba safari yetu ya Ziwa Turkana ingetegemea betri, alifungua boneti, akaitazama ile ya kuwashia injini, akafunga. "Hii bado mpya," akasema. Ikabidi nimwonyeshe ya pili, iliyofungwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda tulichojenga nyuma ya Land Cruiser: betri ya sola, ya maji, ampea-saa 100, uzito wa kilo karibu 30. Hiyo ndiyo ingeendesha friji, taa na chaja za simu. Na ndani ya friji, kando ya nyanya na maziwa, kulikuwa na insulini ya Mjomba.

Kwa sura betri hizi mbili ni ndugu, lakini tabia ni mbalimbali. Ya kuwashia gari ina mabamba mengi membamba ya risasi, kwa maana kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha altaneta inaurudisha. Ya sola ina mabamba manene yanayovumilia kutoa umeme polepole usiku kucha. Uvumilivu huo nao una mpaka. Anayetaka betri hiyo imtumikie miaka haivushi nusu, na ndiyo sababu ampea-saa 100 zilizoandikwa ubavuni kwetu zilikuwa 50.

Nanyuki hesabu ilitulia. Baridi ya Mlima Kenya iliifanya kompresa ya friji ipumzike muda mrefu kuliko ilivyofanya kazi. Baada ya Isiolo mambo yalibadilika. Archer's Post joto lilituingia kama deni, na kufikia Laisamis kompresa ilikuwa hainyamazi. Ikiwaka ilikula karibu ampea nne. Ikiwaka nusu ya saa 24 za siku, imekwisha kula ampea-saa 48, yaani karibu posho yetu nzima. Paneli ya wati 120 juu ya paa ingerudisha 30 na ushei, jua likiwa zuri. Zilizobaki tulizitarajia kutoka kwa altaneta.

Mjomba aliamini altaneta. Kila tulipozima injini alichungulia mita akaona volti 13.1, akatabasamu. Alfajiri mita ile ile ilisoma 12.0, friji ikiwa imezimwa ili tupate kipimo cha haki. Marsabit tuliamkia ukungu mzito uliofunika mji hadi katikati ya asubuhi, na paneli haikutoa hata ampea moja. Hapo Mjomba mwenyewe akauliza fundi yuko wapi.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa kijana mwenye karakana ndogo kando ya barabara. Kabla hajagusa chochote aliuliza bomba la hewa la sanduku liko wapi. Betri ya maji ikikaribia kujaa hutoa haidrojeni, na cheche moja ndani ya sanduku lililozibwa inatosha kuirusha asidi hadi usoni. Tulimwonyesha bomba linalotokea chini ya gari. Akaridhika, akafungua vifuniko sita, akazamisha haidromita yake katika kila chumba. Betri iliyojaa husoma 1.265 au zaidi kidogo. Zetu zilisoma 1.200 na kitu, na chumba kimoja kilishuka hadi 1.180.

"Mzee, hii betri haijawahi kushiba tangu mtoke kwenu," akamwambia Mjomba.

"Na ile 13.1?"

"Hiyo ni ya juujuu. Ukizima gari, iache saa kadhaa bila kazi ndipo uipime. Ikisoma 12.6 au 12.7, imejaa. Ikisoma 12.1, uko nusu."

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niielewe safari yetu upya. Betri ya risasi, alieleza, hupokea umeme kwa pupa ikiwa tupu, ikifika robo tatu na zaidi huanza kubagua. Asilimia 20 za mwisho zaweza kuchukua muda sawa na 80 za mwanzo, na haziingii bila volti 14.4 hadi 14.8 kushikiliwa kwa saa kadhaa. Sisi tulikuwa tunaendesha saa tatu, tunasimama, tunaifungulia friji. Isitoshe, waya kutoka mbele ya gari ulikuwa mwembamba, wa kufungia taa za nyumbani, na volti 14.2 za altaneta zilipofika nyuma zilikuwa zimebaki 13.6. Betri ikikaa nusu-nusu hivyo, salfeti ya risasi iliyoko juu ya mabamba hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haizivunji. Watu husema betri imekufa kwa kutumiwa sana. Kwa nilivyoona pale, nyingi hufa kwa kutojazwa.

Insulini ikahamia kwenye friji ya soda ya mama mwenye hoteli jirani, aliyekataa malipo ila akamtoza Mjomba chai mbili. Usiku ule betri ilikaa kwenye chaja ya umeme wa mji. Asubuhi fundi akaitenga na vyombo vyote, akapandisha volti hadi 15.5 kwa saa chache, maji yakichemka vyumbani, mpaka haidromita ikasoma karibu sawa kote. Tiba hiyo ni ya betri ya maji tu, iliyozibwa ungeiharibu. Mwishowe akaongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke. Alisisitiza yaongezwe baada ya kuchaji, kwa kuwa kimiminika huvimba kikipokea chaji na betri iliyojazwa mapema hufurika. Asidi haiongezwi kamwe, kwani kinachopotea ni maji. Vichwa vya betri vilivyoota ukungu wa kijani alivisugua kwa magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, akavisuuza, akavikausha, akavipaka grisi. Kisha akavuta waya mpya wa milimita 16 za mraba, fyuzi kila upande.

Barabara ya Maikona hadi Kalacha ilitutikisa meno. Mtikisiko huo hulegeza nati na kuporomosha unga wa mabamba, kwa hiyo kila tuliposimama nilikaza mkanda wa betri kabla ya kunywa maji. Jangwa la Chalbi lilitanda jeupe kwa chumvi. Jua tulikuwa nalo la kugawa, ila joto la nyuzi 40 lina masharti: volti zinazofaa Nanyuki huikaanga betri Chalbi. Kontrola yetu, inayodhibiti chaji ya paneli, ilikuwa na waya wa kupimia joto ambao muuzaji aliufunga ndani ya kifuko na hakuna aliyejishughulisha nao. Niliubandika ubavuni mwa betri, na kontrola ikashusha yenyewe kutoka 14.6 hadi karibu 14.2.

Kalacha tulikaa. Mjomba alitaka twende, mimi nikasema betri haijamaliza. Gari lilisimama chini ya mikoma, paneli tukaishusha na kuitandika juani kwa waya mrefu, na kila mara nilifuta vumbi. Mchana umeme ulipozidi tuligandisha chupa za maji. Usiku tulizima friji, chupa zikashika baridi. Insulini ilifungwa kwa kitambaa mbali na chupa, maana ikiganda haifai tena. Asubuhi ya kuondoka mita ilisoma 12.7, kabla jua halijagusa paneli.

Loiyangalani, kando ya ziwa, upepo ulituzuia hata kufungua mlango. Paneli, ikipepewa hivyo, ilitoa nusu ampea zaidi kuliko Kalacha, kwani paneli ikipoa hufanya kazi vizuri. Kusini kidogo, njiani kuelekea South Horr, tukapita katikati ya mitambo 365 ya upepo, kila mmoja kilowati 850, megawati 310 kwa jumla. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa.

"Na huu wote wanauhifadhi wapi?" Mjomba akauliza.

Nikamwambia hauhifadhiwi, hutumika papo hapo. Akatikisa kichwa, akageuka nyuma kutazama sanduku lake la mbao.

Tuliporudi Nairobi, Mjomba alitaka gari liegeshwe chini ya mwembe. Nilikataa: betri hujimaliza yenyewe taratibu hata bila kazi, na paneli haifanyi kitu cha maana kivulini. Sasa liko juani, mkaza mjomba analalamika kwamba nafasi hiyo ilikuwa ya kuanikia nguo, na Mjomba kila Jumamosi anachungulia vyumba sita kwa tochi.