Kiolezo na Tamko la Mwandishi

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu mwalimu wa madrasa, mtu wa miaka sitini na kitu, kukuandikia habari za kompyuta, tena kutoka Lupembe, huku milimani Njombe kwenye mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi. Lakini jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu, Pwani na bara. Watoto wetu wanasomea shahada ya uzamili, na mwisho wa masomo hutakiwa tasnifu. Nayo haipokelewi ila kwa umbo lililopangwa: pambizo ya kushoto iwe pana ili jalada lisimeze maneno, kurasa za mwanzo zihesabiwe kwa namba za Kirumi, na sura ya kwanza ianze na 1.

Kwa kazi hiyo kompyuta ina kitu kiitwacho kiolezo, yaani faili lenye umbo tupu. Usikidharau. Waandishi wa Kiislamu wa zamani walikuwa na ubao uliotandwa nyuzi, ukiitwa mistara. Karatasi hulazwa juu yake, ikakandamizwa kwa kidole, zikatokea alama za mistari kabla kalamu haijagusa wino. Na tazama msahafu wa Madina, ulioandikwa kwa mkono wa Uthman Taha na kuchapwa na jumba la Mfalme Fahd lililofunguliwa mwaka 1984: kurasa 604, mistari 15 kwa kawaida, na kila ukurasa huishia mwisho wa aya. Mwenye kuhifadhi huiona aya mahali pake hata akifumba macho.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Kijana jirani yangu, mwalimu wa shule, alinijia na kompyuta yake kwa kuwa ananiona nikichapa mitihani ya madrasa.

"Shikamoo, Sheikh. Msimamizi wangu amenirudishia kazi, asema haina mpango."

Nikaitazama. Vichwa vya habari alivikoleza kimoja kimoja kwa mkono, akavisukuma katikati kwa nafasi tupu. Orodha ya yaliyomo aliichapa mwenyewe, nukta kwa nukta. Alipoongeza aya moja katika sura ya pili, namba za mbele yake zote zikawa uwongo. Katika kiolezo, kichwa hupewa cheo: hiki ni cha sura, hiki ni kidogo chini yake. Mashine ikishajua vyeo, orodha huipanga yenyewe, na ukiongeza maneno waiamuru tu ijisahihishe. Hayo yalituchukua jioni moja.

Lililonishughulisha ni jingine. Mwenzake alikuwa amempa tasnifu iliyokwisha kupokelewa, akamwambia, "Hiki ndicho kiolezo, badilisha jina tu."

Hicho si kiolezo, msomaji. Ukifungua kiolezo cha kweli, kompyuta hukupa karatasi mpya isiyo na jina, na asili yake hubaki ilivyo. Ukifungua tasnifu ya mwenzio, umeingia nyumbani mwa mtu na vyombo vyake vimo. Humo nilikuta shukrani kwa mke, na kijana huyu hajaoa. Nilikuta aya mbili tatu za sura ya tatu ambazo hakuzitunga. Na ukurasa wa mbele kabisa, lile tamko: kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe, wala haijapelekwa chuo kingine. Chini yake nafasi ya saini. Chuo kikigundua chaweza kumnyang'anya shahada hata baada ya miaka. Na chuo kisipogundua, saini ni ushahidi vilevile.

Nikamwambia, "Mwanangu, chukua kiolezo cha chuo chako, uanze na kitupu."

Akanung'unika, maana tarehe ilikuwa karibu, lakini akafanya. Aya za sura ya tatu aliziandika upya kwa wiki mbili, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Katika shukrani amemtaja mama yake, aliyemlipia ada kwa kuchuma chai. Ukurasa wa tamko umekwisha kuchapwa, haujatiwa saini. Angoja msimamizi amalize kusoma sura ya nne.