Kianjokoma, Chini ya Mlima

Msafiri atokaye Embu kuelekea Mlima Kenya hupita mashamba ya kahawa, kisha majani chai, baridi ikizidi, hata akafika Kianjokoma: maduka machache na watu wa jembe.

Hapo, usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, wakati wa kafyu ya korona, polisi waliwakamata ndugu wawili, wa miaka 22 na 19. Wazazi waliwatafuta, tarehe 3 wakawakuta chumba cha maiti, Embu. Polisi walidai vijana waliruka garini. Wenyeji waliandamana, na mmoja wao akauawa kwa risasi. Baadaye askari 6 walishitakiwa kwa mauaji, nao wakakana.

Jambazi akija, twamwita askari. Mtuhumiwa akiwa ndiye askari, twamwita nani? Nasi Pwani tunao kina mama waliokesha mlangoni wakimngoja asiyerudi.

Basi wazazi, msingoje kupambazuke. Ulizeni usiku uleule kijana yuko kituo gani, ameandikwa kwa kosa gani. Kifungu cha 49 cha Katiba chamtaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani, kwa kawaida, kabla ya saa 24. Kuuliza si ukaidi. Ni kuihifadhi nafsi aliyoiharamisha Mwenyezi Mungu.