Mbwa Wetu Yuko Wapi Usiku Huu?



Ndugu wasomaji wetu wapendwa, tangu tulipomvika mbwa wa nyumba ya mapadre kile kijisanduku cheusi shingoni, tumeulizwa juu yake mara nyingi kuliko tulivyoulizwa juu ya mahubiri yetu yoyote ya mwaka huu. Watoto wa kipaimara hudhani ni redio. Mzee mmoja wa Jumuiya alitutazama kwa huruma, akasema kwamba zamani mbwa alivishwa kengele tu, na akapatikana. Na akina mama watatu wenye mbwa walinzi majumbani mwao walitujia baada ya Misa kutuuliza jambo la maana zaidi: ni shilingi ngapi, na je, kinafaa? Wiki hii, basi, twapenda kuwajibu wote kwa pamoja.

Mbwa wetu anaitwa Shujaa. Ni mbwa wa kienyeji, wa rangi ya mchanga, na uzito wake hauzidi kilo 15. Mchana hulala chini ya mwarobaini. Usiku hulinda, au ndivyo tulivyopatana naye. Waliotushauri tuzibe pengo lililokuwa chini ya lango walitushauri vema, kwa kuwa mfuko wa saruji ni rahisi kuliko chombo chochote tutakachokitaja hapa. Tumeliziba. Siku hizi huruka ukuta.

Hapo zamani jambo hili lisingetusumbua. Majengo ulikuwa mtaa ambamo kila mtu alimjua mbwa wa kila mtu. Ukimkosa wako, ulimwuliza mama wa maandazi, naye alikuelekeza. Lakini Julai 2016 ilitangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma, na Aprili 2018 mji wetu ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Watu wakaja, nyumba za kupangisha zikaongezeka, na leo jirani wa ukuta mmoja huenda alifika mwezi uliopita. Wapangaji hao ni watu wema, na wengi wao tunawaona kanisani. Ila mbwa akipita langoni kwao ni mbwa tu, hana mwenyewe. Na mbwa asiye na mwenyewe hupigwa mawe. Na mtoto aking'atwa na mbwa wa namna hiyo, mama yake hajui amwulize nani. Hili la pili ndilo lililotufanya tutoe fedha.

Sasa tuseme juu ya GPS yenyewe, maana wengi huinunua bila kuielewa. Ni mfumo wa setilaiti wa Marekani, uliojengwa kwa mahitaji ya jeshi na kukamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000 raia walipewa vipimo vilivyotiwa kasoro kwa makusudi. Rais Clinton alipoamuru kasoro hiyo iondolewe, mtu wa kawaida popote duniani akaweza kujua mahali alipo kwa tofauti ya mita chache tu. Setilaiti hizo huzunguka kiasi cha kilometa 20,200 juu ya vichwa vyetu, na kuzisikiliza ni bure kwa tajiri na maskini. Lakini chombo cha GPS husikiliza tu, hakisemi. Setilaiti hazina habari kabisa kwamba Shujaa yupo duniani. Chombo kikishatambua kiko wapi, lazima kitafute njia nyingine ya kutuambia sisi, na njia hiyo ndiyo yenye gharama.

Tembo wanaovishwa mikanda na watafiti katika hifadhi zetu hutuma habari zao kwa setilaiti nyingine za mawasiliano, na mikanda hiyo ni ya bei ambayo parokia haiwezi hata kuiota. Mbwa wa Majengo hutumia laini ya simu. Wenye bodaboda wanalijua jambo hili zamani: mmiliki hufunga kijisanduku mahali pa siri ndani ya pikipiki, akiulizia kwa ujumbe mfupi hujibiwa mahali pikipiki ilipo. Mabasi ya mikoani nayo hufuatiliwa na LATRA kwa mfumo unaofanana na huo. Nasi tukaona kwamba kinachofaa kwa pikipiki hakiwezi kushindwa na mbwa. Fundi simu wa karibu na Soko la Majengo alituuzia kimoja chenye betri yake chenyewe kwa shilingi 60,000, na fundi viatu akakishonea mfuko wa ngozi juu ya mkanda kwa shilingi 4,000. Laini ilibidi isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na kwa kuwa Shujaa hana hivyo viwili, imesajiliwa kwa jina la mwenzetu paroko msaidizi. Ndiyo sababu vijana wa kwaya humwita “Baba Shujaa”, na twamwomba awavumilie.

Salio linalotumika kwa mwezi halijapita shilingi 3,000. Taabu iko kwenye betri. Kikiachwa kitume habari kila dakika, kesho yake jioni kimezimika. Kikinyamaza na kujibu tu kinapoulizwa, hufika siku 4 au 5. Sisi tumechagua katikati, yaani kila baada ya dakika 10, na hivyo tunakichaji kila siku ya pili, wakati Shujaa anapokula. Aidha, mwenye mbwa mdogo asimfunge chombo kizito. Mkanda unaoinamisha shingo ni adhabu, na mnyama hakutenda kosa.

Hapa hatuna budi kuwatahadharisha wasomaji. Mama mmoja wa hapa mtaani alituletea kijisanduku kidogo sana alichokinunua kwa bei chini ya nusu ya chetu, na juu yake pameandikwa GPS kwa herufi kubwa. Tulikiweka uwanjani mwa kanisa, mahali peupe, kikatuambia kwamba kiko Chang'ombe. Ndani ya kitu kile hamna GPS yoyote. Hukisia mahali kwa kutumia minara ya simu iliyo karibu, na makisio hayo huweza kukosea mamia ya mita mjini, na kilometa kadhaa huko vijijini. Njia ya kukipima ni rahisi. Simama mahali unapopajua, omba kikutumie tarakimu zake, uzilinganishe na zile za ramani iliyo katika simu. Tarakimu za hapa kwetu huanza na 6 kwa upande wa kusini na 35 kwa upande wa mashariki. Ile ya pili baada ya nukta ikikosewa kwa moja tu, umeshapotea zaidi ya kilometa moja. Ile ya nne ikikosewa kwa moja, ni kama mita 11, na mbwa utamwona kwa macho. Mpime kabla hamjalipa.

Ndugu zetu walioko ng'ambo wametuandikia kutusifia vile vidude vya duara kama AirTag, ambavyo vilianza kuuzwa mwaka 2021. Betri yake hudumu karibu mwaka mzima na hakina malipo ya mwezi. Ni kweli, lakini nacho hakina GPS. Hunong'ona kwa Bluetooth, na simu ya mpita njia, ikiwa ni ya aina inayokielewa, ndiyo inayopeleka habari bila mwenyewe kujua. AirTag husikilizwa na simu za iPhone, na wengi wetu hapa tunatumia za Android, ambazo mtandao wao wa namna hiyo ulianza mwaka 2024 na una vidude vyake. Mchana pale sokoni, penye simu nyingi, kitu hicho chaweza kufaa, mradi mchague kinachoelewana na simu za watu wa mahali penu. Saa nane za usiku kichochoroni hakuna simu ya kukisikia. Na mchungaji wa Kigogo aliyetoka na ng'ombe na mbwa wake huko Bahi, huyo abaki na sikio lake, ambalo hutambua kengele ya kila mnyama. Wengine wametuuliza juu ya kidude kinachopandikizwa chini ya ngozi na daktari wa mifugo. Hicho ni cha kumtambulisha mnyama tu. Husomwa kwa mashine iliyosogezwa karibu sana na ngozi, hakisemi yuko wapi.

Tungeweza kuishia hapa, na akina mama wale watatu wangekuwa wamepata jibu lao. Lakini jioni moja tuliletewa swali ambalo kijisanduku hakikuweza kulijibu.

Mtoto wa miaka 7 aling'atwa kisiginoni, kama saa moja na nusu, akitoka dukani. Alisema mbwa alikuwa wa rangi ya mchanga. Bibi yake alikuja moja kwa moja kwetu, akiwa amemshika mkono, damu bado mbichi. “Baba,” alisema, “nimeambiwa mbwa wenu ana mashine inayosema alipokuwa. Tuone.” Tukafungua ramani mbele yake. Saa moja na dakika 10, Shujaa alikuwa nyuma ya mabucha. Nukta iliyofuata ilikuwa ya saa mbili na dakika 5, langoni petu. Katikati hapakuwa na kitu. Mabati huzuia sauti ya setilaiti. Huenda alikuwa amejilaza chini ya kibanda, huenda alikuwa akipita kwenye uchochoro ulioezekwa. Dakika 55 hazikuandikwa. Bibi aliitazama simu kwa muda, kisha akasema kwa upole uliotuumiza kuliko ukali: “Mashine yenu, Baba, imefumba macho saa ile ile mjukuu wangu alipong'atwa.”

Mjumbe mmoja wa halmashauri ya parokia, mtu mwenye nia njema, alitushauri tuzionyeshe zile nukta za mabucha kama ushahidi kwamba si Shujaa. Hatukukubali. Ramani yenye pengo haiwezi kuwa wakili wa mtu, wala wa mbwa. Na hata ingekuwa kamili, kidonda hakisubiri mjadala. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, humwua karibu kila mara. Kabla ya dalili, huzuilika. Tuliosha kisigino kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, saa ikiwa mezani, mtoto akilia na bibi akimwimbia, kisha tukawapeleka hospitali usiku ule ule. Gharama za sindano zote alizopangiwa zilizidi bei ya kijisanduku. Tulizilipa, bila kuamua kwanza ni mbwa wa nani.

Shujaa naye alifungwa akaangaliwa kwa siku 10. Kanuni hiyo ina sababu: mbwa aliyekuwa na ugonjwa huo mateni siku ya kung'ata huugua na kufa ndani ya muda huo. Alikuwa na kadi ya chanjo, lakini afisa mifugo alitaka siku zitimie, nasi tulimshukuru kwa msimamo wake. Siku ya 11 Shujaa alikuwa mzima, akamaliza ugali na dagaa wake, akaruka ukuta.

Katika siku hizo tulisoma habari za kazi iliyofanyika hapa hapa nchini, na twataka wasomaji waijue. Mwaka 2002 watafiti, wakiwamo Sarah Cleaveland na Mtanzania mwenzetu Magai Kaare, walichapisha makadirio kwamba kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua karibu watu 1,500 kwa mwaka katika Tanzania, idadi kubwa mno kuliko ile iliyokuwa ikiandikwa rasmi. Baadaye, katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wenzao walifuata kila habari ya kung'atwa nyumba kwa nyumba: nani aling'atwa, na mbwa yupi, mbwa huyo naye aling'atwa na nani, wapi. Kila mahali walipofika waliandika tarakimu za GPS. Angalieni basi: chombo kilikuwa mkononi mwa mtu anayebisha hodi na kuuliza, hakikuwa shingoni mwa mbwa. Kwa kuuliza huko walionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, kwamba mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani humwambukiza mwingine mmoja tu na kidogo, na kwa hiyo chanjo ikiwafikia mbwa wengi wa mahali ugonjwa hukatika. Lengo linalotumika ni mbwa 70 katika kila 100.

Mbwa wa Tobia hakuhitaji setilaiti; mbele yake alitembea malaika. Wetu hutembea peke yake hadi nyuma ya mabucha, na hatuoni aibu kumfuata kwa shilingi 3,000 za mwezi. Kijisanduku kitabaki. Kimetusaidia mara mbili kumrudisha alipokwenda mbali, na mara moja kilituonyesha kwamba amefungwa uani kwa mtu aliyempenda kupita kiasi. Lakini kama fedha zenu zinatosha kitu kimoja tu, akina mama wapendwa, anzeni na chanjo. Kitu cha pili kiwe mkanda wa shilingi chache ulioandikwa namba ya simu kwa rangi isiyofutika, ili mpangaji aliyefika juzi ajue ampigie nani. Kijisanduku ni cha tatu.

Afisa mifugo ameahidi kuwa uwanjani mwa parokia Jumamosi hii kuanzia saa mbili asubuhi, na majirani wa dini na madhehebu yote wanakaribishwa. Kila mbwa aje na kamba na mtu mzima wa kumshika; watoto wasitumwe peke yao.