Chupa Moja, Glasi Mbili

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri jambo. Siku niliyofunga ndoa niliapa kimoyomoyo kwamba chupa ya pombe haitaingia nyumbani kwangu. Sio kwamba mimi mlokole, la hasha. Marehemu baba yangu alikuwa mnywaji, na sisi watoto tulijifunza kusikiliza anavyofungua geti ili tujue kama leo tutakula kwa amani au tukimbilie kulala mapema. Ukikulia hivyo, harufu ya bia tu inatosha kukukosesha usingizi.

Mume wangu nilimwambia kwamba sipendi pombe ndani, basi. Sababu sikumpa. Naye kwa uungwana wake akakubali. Matokeo yake nini? Kila Ijumaa akitoka ofisini anapitia baa na wenzake. Saa tatu, saa nne, mara saa sita za usiku. Hakuwa mlevi, na hata siku moja hajawahi kunitolea neno baya. Ila mimi nilikuwa nakaa sebuleni peke yangu, wali umepoa mezani, nasikiliza geti. Mtu mzima, nina kazi yangu na mshahara wangu, bado nasikiliza geti kama mtoto!

Mwaka jana akaenda Dodoma kikazi. Aliporudi alikuwa na chupa mbili za mvinyo zilizofungwa kwenye gazeti. Akaziweka mezani taratibu, kama mtu anayeomba msamaha.

“Mke wangu, usinikasirikie. Nimeyaona mashamba ya zabibu kwa macho yangu. Tujaribu wote wawili, hapa hapa nyumbani, tena na chakula. Ikikushinda, nazimwaga.”

Nikanyamaza. Yeye akaendelea kunipa darasa. Kwamba Dodoma pamoja na ukame wake inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wakati Ulaya wanavuna mara moja kwa sababu baridi kali huilaza mizabibu. Kwetu baridi ya namna hiyo hakuna, hivyo mkulima akishavuna anapogoa, mzabibu unachipua upya. Chupa moja ilikuwa nyeupe, ya zabibu aina ya Chenin Blanc. Nyingine nyekundu, ya zabibu iitwayo Makutupora, jina lile lile la eneo lililoko kaskazini mwa mji wa Dodoma. Udadisi ukanishinda. Nikasema haya, Ijumaa tujaribu.

Jamani, tuliharibu! Nilipika samaki wa kupaka, nazi nzito na pilipili za kutosha. Tukafungua ile nyekundu, ambayo ilikuwa imekaa juu ya kabati wiki nzima kwenye joto la Dar. Kulikuwa na moto mdomoni, uchungu kwenye ulimi, na ladha ya chuma juu yake. Tukatazamana kama watu walioibiwa simu kwenye daladala, kisha tukacheka mpaka machozi. Nakumbuka niliwaza: hii ni Ijumaa ya kwanza tunacheka pamoja tangu lini vile?

Ndipo tukaanza kujifunza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, joto. Ukisoma kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwenye joto la chumba, ujue chumba hicho si cha Kinondoni. Nyekundu inapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi, kwa hiyo iweke kwenye friji kama nusu saa kabla ya kula. Nyeupe iwe baridi zaidi, nyuzi 8 hadi 12.

Pili, pilipili. Pilipili na pombe kali haziivi chungu kimoja, kila moja inauchochea moto wa mwenzake. Siku ya mchuzi wa nazi wenye pilipili au biriani kali, tafuta nyeupe yenye utamu kidogo, tena ya baridi. Utamu ule unapoza.

Tatu, mafuta. Mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na sukari, una uchachu. Kwenye samaki wa kukaanga au chipsi kuku unafanya kazi ile ile ya ndimu: unakata mafuta na kukupa hamu ya tonge jingine. Ila punguza ndimu kwenye kachumbari, maana ukizidisha, mvinyo mpole utauona kama maji.

Nne, nyama. Ule ukakasi wa mvinyo mwekundu, unaokausha mdomo kama ndizi mbichi, unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Ukinywa mtupu unaweza kukuudhi. Ukikutana na nyama choma yenye mafuta, au ndizi nyama, unalainika. Ile Makutupora iliyotutesa kwa samaki, tuliinywa kwa mbavu za mbuzi nikafikiri ni chupa nyingine. Hata maharage ya kuunga na chapati yanakwenda nayo vizuri, usidhani mvinyo ni wa hotelini tu.

Na ile tamu ambayo wengi tunaiita dompo? Usiibeze. Glasi ndogo baada ya chakula, na visheti au kipande cha keki, inatosha kabisa.

Kuonja nako si mambo makubwa. Glasi za kawaida zinafaa. Mimina theluthi tu, itazame rangi, izungushe kidogo, inusishe, kisha chukua funda dogo ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Halafu kila mtu aseme anachokisikia. Vitabu vya wenzetu vinataja matunda ambayo hatujawahi kuyaona. Sisi tukaanza kutumia ya kwetu. Yeye anasema zambarau, mimi nasema ukwaju. Yeye pera, mimi embe bichi. Tunabishana, na katikati ya ubishi mtu anajikuta anasimulia mti wa mapera wa kwa bibi yake, na mambo ambayo tangu uchumba hamjawahi kuulizana.

Lakini kisa chenyewe hasa kilitokea Ijumaa ya nne. Tulikuwa tumemaliza kula. Mume wangu, bila nia yoyote mbaya, akavuta chupa ajimiminie glasi ya tatu. Mkono wangu ukaifunika glasi yake wenyewe. Ulikuwa unatetemeka, na glasi ikapinduka. Mvinyo ukatapakaa kwenye kitambaa cha meza.

“Vipi tena, mke wangu?”

Nikamwambia. Yote. Geti, vyumbani mapema, mama akifuta sakafu usiku wa manane ili asubuhi tusione kitu. Miaka miwili ya ndoa na sikuwahi kumsimulia. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akainuka, akaziba chupa, akairudisha kwenye friji. Aliporudi kukaa alisema kwa sauti ya chini, “Kumbe ndio maana hulali mpaka nirudi. Mimi nilidhani unanichunga.”

Sheria aliitunga yeye. Chupa moja kwa wiki, glasi mbili tu mezani, yake na yangu. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Mbili Ijumaa, mbili Jumamosi, na ya tano inaingia kwenye sufuria ya nyama Jumapili. Ukiiziba vizuri na kuiweka kwenye friji, chupa iliyofunguliwa inastahimili siku kama tatu, kwa hiyo hesabu inakubali. Ila usidanganyike kwamba pombe yote huisha motoni. Baadhi inabaki, hivyo tukiwa na watoto au mgeni asiyetumia, sufuria hiyo haiguswi na mvinyo.

Baa bado anakwenda, labda mara moja kwa mwezi, na ananiambia saa ya kurudi. Juzi alichelewa dakika arobaini, nikashtukia tayari yuko sebuleni anavua viatu. Geti sikulisikia. Nilikuwa nimelala.

Msomaji wangu, sikushauri uanze kunywa. Kama hutumii kwa sababu ya imani, ujauzito au afya, endelea hivyo hivyo, na juisi ya zabibu iliyopoa itakaa mezani bila aibu. Na kama mwenzi wako pombe imemshinda, chupa ya pamoja haitamtibu, anahitaji msaada wa kitaalamu. Ninachokuomba ni kimoja: lile jambo unalolisikiliza usiku peke yako, mwambie mwenzako. Mimi lilinitoka kwa sababu ya glasi iliyopinduka. Wewe usisubiri mpaka uchafue kitambaa cha meza.

Doa lenyewe halijatoka hadi leo. Siku za wageni naliweka sahani juu yake.