Karatasi Chungu

Katika mazoezi ya maabara chuoni tunatumia vipande vyembamba vya karatasi vilivyotiwa kemikali iitwayo PTC. Kila mmoja anaweka chake ulimini. Huyu anakunja uso na kukimbilia maji. Yule anatafuna na kuuliza kama zoezi limeanza. Mimi ni wa kundi la pili. Kwangu ni karatasi tu.

Tofauti hii ilianza kujulikana mwaka 1931, unga wa PTC ulipopeperuka katika maabara ya DuPont, Marekani. Mtu mmoja alilalamika kwamba hewa ni chungu. Arthur Fox, aliyekuwa akiushika unga wenyewe, hakuhisi chochote. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya jibu iko kwenye jeni ya TAS2R38, katika kromosomu ya 7. Ni moja kati ya jeni 25 hivi zinazotupatia vipokezi vya uchungu. Aina zake mbili kuu zinapishana kwa asidi amino tatu tu, na hizo tatu zinatosha kututenganisha mezani.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1939, Fisher, Ford na Huxley waliwaonjesha sokwe PTC, wakakuta wapo wanaohisi na wasiohisi, kama watu. Wakadhani tumerithi tofauti hiyo kutoka kwa babu mmoja. Ilichukua hadi 2006 kuonekana kwamba sivyo: kwa sokwe, jeni imeharibika pale mwanzoni, mahali tofauti kabisa na petu. Kila ukoo umepoteza uchungu huo kwa njia yake.

Ninachopenda zaidi ni kisa cha hapa kwetu, Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1987 Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyejua dawa za msituni, walimfuatilia sokwe jike mgonjwa, Chausiku. Alivunja tawi la mti ambao Watongwe huuita mjonso, akamenya ganda, akatafuna kiini na kufyonza maji yake machungu. Majani, yenye sumu kali zaidi, aliyaacha. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Kalunde aliujua mti huo: kwao ni dawa ya tumbo. Ulimi unaotuonya kuhusu sumu ndio huohuo unaoweza kujifunza kuvumilia kidogo, siku ya shida.

Kisa hiki nilikisimulia Kifanya, Julai, ile baridi ya Njombe inapowakusanya watu wote jikoni kwenye moto. Bibi alifurahi kusikia kwamba hata sokwe anajua dawa isiyo chungu si dawa. Nikaendelea na habari za PTC. Nilikuwa na vipande vinne ndani ya daftari, nimevileta tuchekeshane.

Baba mdogo hakucheka. Aliuliza, polepole, "Kwa hiyo, mwanangu, kama baba hahisi na mama hahisi, mtoto je?"

Mama mdogo alikuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama.

Kila mtu pale jikoni aliyajua maneno yanayosemwa kuhusu mdogo wangu, mtoto wao wa miaka minane, ambaye hafanani na baba yake. Kitabu cha mwaka wa kwanza kina jibu: aina inayohisi huifunika isiyohisi, kwa hiyo wazazi wawili wasiohisi huzaa wasiohisi. Kabla ya vipimo vya DNA, PTC iliwahi kutumika kweli katika kesi za ubaba.

Lakini jibu hilo ni jepesi mno. Ulimi hubadilika kwa umri. Watu wenye aina moja ya jeni hawahisi sawasawa. Na kwetu Afrika mambo ni mapana zaidi: utafiti uliotoka 2012, wa watu 611 kutoka jamii 57 za bara hili, ulikuta aina adimu za jeni hii zaidi ya zile mbili kuu, nyingine zikimpa mtu hisia ya kati, si huku wala kule. Karatasi ile haiwezi kumtoa mtoto kwa baba yake.

"Haisemi hivyo, baba," nilimjibu. "Inapima karatasi na ulimi. Haipimi ukoo." Daftari nililiacha limefungwa. Mama mdogo akaendelea kumenya, kichwa chini. Kiswahili kina neno moja kwa kilicho ulimini na kilicho moyoni, na usiku ule sikuhitaji kipimo kujua nani alikuwa nalo.

Chakula kikaja: ugali, viazi, na figiri. Mtoto alikula ugali na viazi, figiri akazisukumia ukingoni mwa sahani.

"Huyu sijui katoka wapi," alisema baba mdogo. "Nyumba hii nani anakataa mboga?"

Bibi alinyoosha mkono, akazichukua zile figiri na kuzitia kwenye sahani yake.

"Katoka kwangu," alisema. "Mimi figiri zilinishinda mpaka nikakuzaa wewe. Mwache mjukuu wangu ale."

Hakuna aliyeongeza neno. Baba mdogo alitazama moto kwa muda, kisha akachagua kiazi kikubwa chunguni, akakipuliza kipoe, na kumwekea mtoto.